Gunia Chini ya Gati

Siku ya kwanza Baba alipinduka. Yeye mwenyewe, akisimulia habari za bwawa lile, huiruka siku hiyo na kuanza na ya pili. Lakini mimi nilikuwepo, nimesimama ukingoni na viatu mkononi, na nilimwona mvuvi wa Uvira, mtu aliyemaliza miaka thelathini ndani ya mtumbwi juu ya Ziwa Tanganyika, akitumbukia katika maji ambayo mtoto anayejua kuogelea angeyavuka bila kupumzika. Kofia ilibaki inaelea. Kisha Baba akatokea pembeni ya kofia, maji yakimfika kifuani, uso umemvimba kwa hasira.

"Hii haiko mutumbwi," akasema. "Hii ni beseni ya kuogeshea batoto."

Ilikuwa kayaki. Mwenye bwawa aliipata kwa mtu mmoja aliyekuwa anahama nchi: chombo cha plastiki, cha njano, chembamba, chenye tundu katikati ambamo mtu huingiza miguu na kuinyoosha kama aliyekaa mkekani. Kafi lake lina bapa pande zote mbili. Kwetu mvuvi wa ndoana husimama ndani ya mtumbwi ili aone maji vizuri, na Baba naye alisimama. Mlinzi wa bwawa alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile nilimwekea mlinzi moyoni kwa muda mrefu, kwa kuwa mimi si mtu wa kusahau upesi, ingawa nakiri kwamba nami nilikuwa nimegeuka upande, nikicheka ndani ya kitenge changu.

Niliweza kucheka kwa sababu Baba alikuwa amekasirika. Ni ajabu kusema hivyo, lakini mtu aliyeishi nasi Dzaleka, kambi ya wakimbizi, miaka ile angeelewa. Tulikuwa tumeingia mwaka wa sita kambini, yeye na mimi tu, kwa kuwa Mama tulimzika kabla ya safari. Mimi nilipata cherehani na kibanda sokoni, nikawa nashona sare za shule na kurekebisha suruali za watu. Baba hakupata kitu. Alikaa mbele ya nyumba yetu ya matofali ya udongo, na kiti chake hakukielekeza barabarani kama wazee wengine, alikielekeza ukutani. Ukimsalimu alijibu. Ukimpa chakula alikula kidogo, akasema nsima, ule ugali wa mahindi wa huku, inateleza kooni bila kusalimu. Hakukasirika wala hakucheka. Nilikuwa namwogopea, na usiku nilisikiliza kama anapumua.

Kilichomtoa ukutani ni mfuko uliochanika. Jumamosi moja gari lilisimama sokoni kwetu, akashuka bwana mnene, mpole, amevaa kizibao chenye mifuko mingi ambayo sikujua inamfaa mtu gani. Mfuko mmoja ulikuwa umefumuka, akaomba niushone palepale. Nikaingiza mkono na kuchomwa. Ndani mlikuwa na ndoana ndogo ndogo, na kila moja ilikuwa imevikwa manyoya ya ndege na uzi wa rangi, mithili ya wadudu waliovalishwa kwenda harusini. Nilipiga kelele, halafu nikamwita mtoto wa jirani akamwambie Baba aje aone.

Baba alikuja akiburuta miguu. Akachukua ndoana moja, akaigeuza, akainusa, akaiinua kwenye mwanga.

"Muulize," akaniambia, "samaki ya huku banavaaka nini kama banakuya kula manyoya?"

Mimi ndiye niliyejua Kichewa kwa sababu ya soko, kwa hiyo nilimtafsiria yule bwana, nikilainisha kidogo. Hakuudhika. Alieleza kwamba alipokuwa kijana kazini Zomba alifundishwa kuvua trauti, samaki wa maji baridi ya mlimani, ambao huruka kukamata wadudu juu ya maji, na wakiona unyoya hudhani ni mdudu. Sasa kazi yake ilikuwa Lilongwe, wizarani, kule Capital Hill. Alikuwa amenunua shamba mwendo wa saa moja kutoka kambini, kwa miguu, lenye bwawa na gati dogo la mbao, na kila Jumamosi alisimama pale gatini akitupa manyoya yake. Hakuna samaki aliyekuwa amemwonea huruma.

"Bwawani mna samaki gani?" Baba akauliza.

"Makumba na mlamba."

Baba alicheka. Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu Uvira, na nilishika sindano bila kushona. Makumba ni ndugu mdogo wa chambo, yule samaki maarufu wa ziwa la huku, naye ni wa kutafuna matope na majani; kumtupia mdudu wa manyoya ni kama kumwalika mbuzi kwenye nyama choma. Bwana wa Wizara, ndivyo tulivyomwita tangu siku hiyo, alimtazama mzee anayemcheka, kisha naye akacheka. Jumamosi iliyofuata alipita na gari kumchukua.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Baba alipinduka siku ya kwanza, ya pili akakaa, ya tatu akawa anaizungusha kayaki kwa kafi lile la bapa mbili kama aliyezaliwa nalo. Alikata tete mbili ndefu, akafunga mshipi na ndoana ndogo, akachimba nyungunyungu kwenye matope ya ukingo. Bwana wa Wizara alivua kutoka gatini, Baba kutoka kwenye kayaki, wakawa wanazungumza kupitia maji, kila mmoja kwa lugha yake. Nilipokuwepo nilitafsiri. Nisipokuwepo walielewana vizuri zaidi.

Baba alikuwa anarudi na makumba wanne au watano kwenye kijiti, na mara nyingine mlamba, yaani kambare, mwenye masharubu. Alipanda njia ya kambini mchana, taratibu, ili watu wawaone samaki. Alikigeuza kiti chake. Sasa kilitazama barabara, na watu wakaanza kumwita mvuvi, na kila Alhamisi alikwenda tena bwawani kwa miguu kulipaka gati mafuta machafu ya gari ili mchwa wasile mbao.

Aliniwekea sharti moja tu. Alilisema mara ya kwanza tulipokwenda pamoja, amesimama mbele yangu kama padri.

"Tuko bageni hapa. Ule bwana ametupatia mahali ya kuvua. Samaki, basi. Usiweke kitu yako ndani ya ile mayi, usitoshe kitu, hata nguo usifulie pale. Unasikia?"

Nilisikia. Nilisema nimesikia. Kisha nikafanya nilivyofanya, na hapa naomba mniruhusu nieleze habari za muhogo.

Sisi watu wa Uvira na Fizi bugali wetu ni wa muhogo, na muhogo huo sharti ulowekwe. Unaumenya, unauweka majini siku tatu au nne mpaka ulainike na kuanza kuchacha, ndipo unauanika na kuutwanga. Kwetu kila kijiji kina mahali pake mtoni ambapo wanawake huloweka, mbali na pale mitumbwi inapofungwa. Watu wa Dowa, wenyeji wetu, hawaujui mtindo huo. Kwao muhogo ni wa kuchemsha au kutafuna mbichi njiani. Na Dzaleka hakuna mto. Maji ni ya kisima cha kupampu, foleni ya ndoo imejikunja, na ukimwaga maji ya siku nne kila mtu anakutazama. Halafu harufu! Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Mara ya kwanza nilipoloweka muhogo ndani ya beseni, jirani yangu alikuja kuuliza kwa upole kama tumefiwa.

Lakini Baba sasa alikuwa ameanza kula. Alileta samaki, akakaa, akaitazama nsima pembeni ya yule samaki, akasema, "Huyu samaki anaulizia bugali." Alisema hivyo Jumamosi tatu mfululizo. Mimi ni binti yake wa pekee, na nina kiburi cha jikoni. Nikanunua muhogo sokoni, nikaumenya, nikaujaza gunia, na Jumanne, siku ambayo Baba haendi bwawani, nikaupandisha ule muhogo kwenye kabaza, baiskeli ya kukodi, mimi nikatembea nyuma ya baiskeli. Nilimwambia mlinzi naenda kununua mboga kwa wanawake wa bustani za chini. Alipogeuka, nikalifunga gunia kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya mwisho ya gati, upande wa kivuli, nikalizamisha.

Ijumaa nilikwenda nikalitoa. Muhogo ulikuwa umelainika vizuri kuliko hata wa Uvira. Jumapili Baba alikula bugali, akanyamaza, akaongezwa, akanyamaza tena. Hakuuliza umelowekwa wapi. Nilidhani furaha imemzuia kuuliza.

Nikaendelea hivyo majuma mengi. Jumanne kuzamisha, Ijumaa kutoa. Kazi haikuwa ngumu isipokuwa kamba. Mimi ni fundi wa nguo, nafunga fundo la haraka kama la uzi, lakini Ijumaa lile fundo lilikuwa limeng'ang'ana hata kucha zinauma. Nilisema ni katani, imevimba kwa maji. Mara nne nilishindwa kabisa, nikaikata kwa mkasi wangu wa kazi, na mkasi ukaharibika ncha.

Na bwawani mambo yakabadilika. Samaki walihamia chini ya gati. Baba alikuwa akitoka mbali na kayaki bila kupata kitu, akirudi karibu na nguzo ya mwisho anawapata mmoja baada ya mwingine. Mimi nilijua kwa nini. Muhogo ukilainika hutoa chembe nyeupe zinazopenya gunia na kuelea, na makumba walikuwa wanakuja kuzila kama watoto kwenye sufuria ya ukoko. Nilinyamaza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nilijiambia, nikajiona mwerevu.

Kisha likatokea jambo ambalo lilimfurahisha kila mtu na ambalo baadaye lilininyima usingizi. Jumamosi moja Bwana wa Wizara alitupa ndoana yake ya unyoya mweupe pembeni ya nguzo ya mwisho, na makumba akaukamata. Nilikuwepo. Yule mtu mzima, mwenye ofisi na dereva, aliruka juu ya gati mpaka mbao zikalia. Aliita mlinzi aje aone, aliniita mimi, alimwita Baba ambaye alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Samaki mwenyewe alitosha kiganja. Alimshika kwa mikono miwili, macho yamelowa, akasema miaka miwili watu walimwambia haiwezekani.

Baba, ndani ya kayaki, aliinua kafi juu kumpongeza. Sasa nikikumbuka, Baba alinitazama mimi kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ulifika wakati wa shule kufunguliwa, na mzazi anayeleta kitambaa siku ya mwisho ni yuleyule kila mwaka. Nilishona sare usiku na mchana, na Ijumaa ile sikuweza kwenda. Nikasema gunia halina miguu, litangoja. Jumamosi, saa nne ya asubuhi, nilimwona Baba akija sokoni peke yake, bila samaki, amezungushia tete zake kitambaa. Kwa kawaida alikuwa harudi kabla ya mchana.

"Bwawa imekwisha," akasema, akapita kwenda nyumbani.

Habari kamili nilizipata kwa mlinzi mwenyewe, aliyekuja sokoni akizitangaza kama msiba. Alikuwa ameona povu karibu na nguzo, akasikia harufu, akavuta kamba na kupandisha gunia la kitu kilichooza. Kuna majani ya porini ambayo watu huyatwanga na kuyamwaga majini ili samaki walewe na kuelea, na serikali imeyakataza. Mlinzi alijua jambo moja tu linaloweza kuwa ndani ya gunia lililozamishwa kwa siri. Pembeni, kwa bahati yangu mbaya, palikuwa na chura amekufa. Alimwinua chura kwa mguu mbele ya Bwana wa Wizara.

"Bwana alimwuliza mzee mara tatu, 'Hili ni la nani?'" mlinzi akasema. "Mzee akatazama maji. Hakujibu hata neno. Asiyejibu ana jibu, amayi."

Bwana wa Wizara hakupiga kelele wala kuita polisi. Alisema tu kwamba kuanzia leo hakuna mtu wa kambini atakayekanyaga pale, akaingia garini.

Ningependa kuandika kwamba niliweka mkasi chini na kukimbia. Sikukimbia. Niliogopa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yangu nilikuwa nimeifunga mwenyewe. Niliwaza: nikisema, huenda nikaandikwa jina mahali, huenda nikanyang'anywa kibanda. Nikanyamaza wiki mbili. Jirani yangu, aliyempenda Baba, alikuwa akipita kibandani na kuuliza ni nani mwenye roho mbaya aliyemfanyia mzee hivi, kisha akitikisa kichwa: kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilipitisha uzi kwenye tundu la sindano na kusema, kweli, kweli.

Baba hakulalamika. Alikirudisha kiti ukutani. Kila jioni nilikikuta hivyo, na kila asubuhi nilikigeuza kuelekea barabarani, na jioni nilikikuta tena ukutani. Bugali alikula. Samaki hawakuwepo. Siku ya kumi na tatu nilimkuta amezikata zile tete vipande vidogo na kuziweka pamoja na kuni.

Hapo ndipo hasira ilinipanda, hasira ya kujichukia mwenyewe, na hasira ndiyo dawa yangu ya woga. Niliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Alfajiri ya siku iliyofuata niliwasha jiko, nikasonga bugali wa muhogo wa mwisho tuliokuwa nao, nikaufunga kwenye sufuria kwa vitenge viwili, nikaenda kupanda minibasi ya Lilongwe na sufuria mapajani.

Capital Hill ni mahali pa viatu safi. Magari yamepangwa, nyasi zimekatwa, watu wanatembea na mafaili kifuani. Nilikuwa nimevaa gauni nililojishonea kwa ibada, na kwa mavazi hakuna aliyeniona mgeni, ila sufuria ilinisaliti. Askari wa getini aliuliza ni nini. Nikasema ni chakula cha Bwana. Akauliza, Bwana ameagiza? Nikasema bado. Akafunua, akanusa, akafunika haraka, akaniruhusu nipite, nadhani ili harufu iondoke getini.

Bwana wa Wizara bila kizibao chake alionekana mdogo. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, na ukutani, juu ya kalenda, alikuwa amepigilia kwa pini ndoana yake ya unyoya mweupe, ileile. Nilipoiona, maneno niliyoyapanga kwenye minibasi yalinitoka yote. Nilikuwa nimejitayarisha kusema gunia ni langu. Sikuwa nimejitayarisha kumnyang'anya mtu samaki wake.

"Bwana," nilisema kwa Kichewa, nikapiga magoti kama nilivyoona wanawake wa huku wakifanya, "pepani, nisamehe. Gunia ni langu. Ni muhogo. Huu hapa."

Nikafunua sufuria juu ya zulia lake. Nikaeleza habari ya kuloweka, ya kisima, ya jirani aliyedhani tumefiwa. Nikamega tonge, nikala mbele yake, nikamega la pili, nikala. Kwenye tonge la pili nilikuwa nimeanza kulia, lakini nilimeza.

Aliinama kuitazama sufuria. "Kwa hiyo samaki hawadhuriki?"

"Kwenye kidimbwi wangekufa, Bwana. Siwezi kukudanganya. Kwetu mtu haloweki kwenye kidimbwi. Bwawa lako ni kubwa na gunia ni moja. Wanazila zile chembe. Ndiyo maana walihamia chini ya gati."

Nilipomaliza sentensi hiyo nilijua imefika wapi. Aligeuza shingo polepole akatazama kalenda.

"Chembe zina rangi gani?" akauliza.

Nilitaka kudanganya. Wallahi, nami ni Mkristo, nilitaka kusema ni za kahawia. "Nyeupe," nikasema.

Nje magari yalikuwa yanaondoka kwa chakula cha mchana. Kisha akaja akachuchumaa upande wa pili wa sufuria, bwana mnene na tai yake, akamega kipande kidogo, akakiweka mdomoni, akatafuna kama anayesikiliza.

"Zomba nilijua kwa nini wanaula unyoya," akasema. "Huku nilikuwa sijui. Niliona aibu kumwuliza mzee." Akameza. "Baba yako angeweza kuniambia. Nilimwuliza mara tatu gunia ni la nani."

"Baba hakujua, Bwana. Hajui mpaka leo. Ni mimi tu."

Akafikiri, akafuta vidole kwa leso. "Jumamosi," akasema. "Yeye na wewe. Na muhogo ulowekwe, lakini mlinzi ajue siku." Kisha, nikiwa mlangoni na sufuria yangu: "Nguzo ileile, tafadhali."

Nilirudi nikamwambia Baba yote. Nilimwambia nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitamaliza. Alisikiliza akitazama ukuta. Nilipofika mwisho alisema "Haya," akanyanyuka, akatoka kwenda kutafuta tete nyingine. Sikugombezwa, na nililala vibaya zaidi kuliko kama ningegombezwa.

Jumamosi mlinzi alitupokea kwa heshima, kama mtu aliyekosea na hataki kusema. Alikuwa ameliweka lile gunia kwenye kibanda chake kama ushahidi, limening'inizwa msumarini, limekauka, na kamba yake. Hakuwa ameifungua, alikuwa ameikata kwa panga pembeni ya nguzo, na fundo lilibaki zima. Alinikabidhi vyote viwili. Bwana wa Wizara alikuwa tayari gatini, anachagua unyoya.

Nilishuka ukingoni. Baba alikuwa ameingiza mguu mmoja ndani ya kayaki. Nilikuwa nalikunja gunia, na kidole changu kikapita juu ya fundo. Lilikuwa kavu sasa. Halikuvimba kwa maji wala kwa kitu chochote. Lilikuwa limezungushwa mara mbili na kupitishwa chini, ncha zimefichwa ndani: fundo ambalo Baba alifungia mtumbwi wake Uvira kila asubuhi ya utoto wangu, ambalo mimi sikuwahi kujifunza.

Nikakumbuka zile Ijumaa nne, na mkasi wangu.

"Papa," nikasema, "hii fundo haiko yangu."

Alimalizia kuingiza mguu wa pili. "Yako inafungukaka," akasema. "Kila Alhamisi nakuta gunia iko inaenda. Mi mwenyewe njo nilikuwa naifunga."

"Ulijua? Siku ile mulinzi anakuuliza, ulijua?"

"Baliniuliza ni ya nani. Nikisema ni yako, batakufanya nini? Nikisema ni yangu, ni bongo, nimedanganya. Njo nikaangalia mayi."

"Ungesema tu, Papa. Ile mayi njo ilikuwa inakuamusha. Nilikuwa nakuona pale ku ukuta, ungekufa pale."

"Mayi iko mingi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. "We uko mumoja."

Nililia pale ukingoni, gunia kifuani, na mlinzi akageuka kutazama milima kwa adabu ambayo sikuitegemea kwake. Ndipo hasira yangu kwake ilipokwisha. Baba aliningojea nimalize. Halafu akasogeza kayaki mpaka kwenye nguzo ya mwisho, akaishika kwa mkono, akaniita nije juu ya gati na kamba.

"Funga," akasema.

Nikafunga. Akalifungua lile fundo kwa kidole kimoja.

"Funga tena."

Bwana wa Wizara aliacha manyoya yake akaja kutazama. Baba akanionyesha: mara mbili, chini, ficha ncha. Nilifunga mara tatu, na mara zote tatu alilifungua bila hata kuliangalia, akaniuliza kama hivi ndivyo ninavyoshona sare za watoto wa watu. Nilimjibu vibaya. La nne alilivuta, akalivuta tena kwa mikono miwili mpaka kayaki ikayumba chini yake, na halikutoka.

"Haya," akasema Baba, akachukua kafi.